Ng'ombe Wamekula?

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, akisafiri bara kutokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Kileleni kulikuwa na kitu cheupe. Alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wa msafara wake kile ni nini, na yule bwana akamjibu kwa neno moja tu: baridi.

Rebmann akaandika kwamba ameona theluji. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata, eti theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na ubishi wao ukaendelea kwa miaka. Mimi kati ya hao watatu nampenda yule kiongozi. Rebmann alitaka jina la kitu. Cooley alitaka kanuni. Yule kiongozi alisema kile kitu kinamfanya nini mtu.

Nimezaliwa chini ya hicho kitu cheupe, Marangu, upande wa kusini mashariki wa mlima. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Kibo ilikuwa pale juu ya migomba yetu kama sahani iliyofunikwa kitambaa. Nimekua nikiiona kila siku na sikuwahi kuigusa. Waliopanda kule walikuwa wageni, pamoja na vijana wa kijijini waliowabebea mizigo. Kaka zangu wawili walipanda hivyo, wakarudi na midomo iliyopasuka. Nilipowauliza theluji ikoje, mmoja alisema, "Inauma." Basi. Naye hakuwa mbali na yule kiongozi wa mwaka 1848.

Kiswahili chenyewe hakikutusaidia sana. Theluji tumeazima kwa Waarabu. Barafu imetoka kwa Waajemi, ambako maana yake ni hiyohiyo theluji, ila sisi tukaigeuza kuwa kile kipande kigumu cha kwenye soda. Kwa hiyo tuna maneno mawili ya kuazima kwa kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukikanyaga. Nilipofika Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, nikiwa mke wa mtu, nilikuwa na maneno hayo mawili tu mfukoni. Hayakutosha hata wiki ya kwanza ya Desemba.

Maana kuna theluji inayoanguka kavu kama unga wa sembe uliopepetwa, ukiipuliza inaruka. Kuna iliyolowa, inayoshika kwenye beleshi kama ugali kwenye mwiko. Kuna ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, juu ngumu, chini laini, mguu unazama hadi gotini na ukingo unakuchuna. Kuna inayopanda badala ya kushuka, kwa sababu upepo unaiokota shambani na kuirudisha hewani. Binti yetu akiniuliza hii inaitwaje kwa Kiswahili, nilikuwa najibu theluji, theluji, theluji, mpaka siku moja akaniambia, "Mama, kwa Kiswahili kila kitu ni theluji." Alikuwa na miaka sita.

Niwaeleze kwanza nyumba yenyewe. Tulikuwa tunaishi shambani kwa baba mkwe wangu, kaskazini mwa jimbo, si mbali na mpaka wa Kanada. Nyumba ya mbao ya ghorofa moja, jiko la kuni jikoni, na hatua kama sitini kutoka mlango wa nyuma ndipo lilipokuwa banda la ng'ombe, jekundu, na dari yake ya kuwekea nyasi kavu. Ng'ombe wa kukamuliwa walikuwa thelathini na wanane. Kwa Marekani huyo ni mfugaji mdogo kabisa, mdogo kiasi cha kuonewa huruma. Kwa Marangu, mtu mwenye ng'ombe thelathini na wanane watu wangekwenda kumtazama.

Baba mkwe alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa desturi ya kwao nilitakiwa nimwite kwa jina lake. Nilishindwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasubiri mpaka anitazame ndipo niseme, ili nisilazimike kumwita. Mtoto alipozaliwa nikapata pa kupitia, nikaanza kumwita Babu. Akauliza maana yake, nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Toka siku hiyo hata mume wangu alianza kumwita Babu, na majirani wawili watatu.

Kitu kilichotuunganisha mimi na Babu ni ng'ombe. Sisi Wachagga ng'ombe wetu hawatoki nje. Kihamba ni kidogo, kimejaa migomba na kahawa, hakuna pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani mwaka mzima na chakula kinamfuata. Mama yangu na wanawake wenzake hushuka tambarare kukata majani, wanapandisha mzigo kichwani au, wenye nacho, kwenye gari la kukodi. Mbolea inarudi kwenye migomba, majani ya migomba yanarudi kwa ng'ombe. Watu wa Vermont huwatoa ng'ombe wao malishoni wakati wa joto, lakini kuanzia Novemba mpaka Mei wanakuwa Wachagga. Ng'ombe ndani, chakula kinawafuata. Babu alipoona siku yangu ya kwanza bandani nilivyoingia kati ya ng'ombe wawili, bega mbele, nikigusa nyonga ya mmoja ili ajue nipo, hakusema kitu. Jioni alimwambia mwanawe, "Huyu amelelewa."

Sasa, majira yale ya baridi ya mwaka 2017 baba na mwana walikuwa hawasemezani.

Sababu ilikuwa ng'ombe haohao. Bei ya maziwa ilikuwa chini kuliko gharama ya kuyazalisha, na haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1940 Vermont ilikuwa na wafugaji wa maziwa zaidi ya elfu kumi. Siku hizi hawafiki mia sita. Kila mwaka tulikuwa tunasikia fulani ameuza. Mume wangu alikuwa anakamua alfajiri, kisha anakwenda kazini kwenye idara ya barabara ya kijiji, anaendesha lori lenye bapa la chuma mbele la kusukuma theluji, anarudi, anakamua tena. Mwezi wa kwanza alisema mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba inabidi tuuze. Babu aliweka uma chini, akainuka, akaenda bandani. Tangu hapo walikuwa wakiambiana mambo ya kazi tu. Huyu anakohoa. Yule asikamuliwe leo, ana dawa. Mambo mengine yalikuwa yanapitia kwangu.

Kwetu kuna jani la sale. Mtu akikosana na mwenzake huchukua sale akalifunga fundo akampelekea, na anayepelekewa hawezi kukataa kusikiliza. Lile jani ni zito kuliko maneno. Vermont hakuna sale. Kuna misonobari, na mishira inayotoa utomvu wa sukari mwezi wa tatu, lakini hakuna mti ambao ukimpelekea mtu jani lake anajua amefungwa.

Dhoruba ilianza Jumanne, tarehe 14 Machi. Redio ilishatangaza toka Jumapili, na madukani mkate ulikwisha kama kawaida. Mchana ule mbingu ilishuka ikawa na rangi ya bati, halafu zikaanza, ndogo, nyingi, zinakwenda kwa upande. Jioni kutoka dirishani sikuliona banda. Burlington, mji mkubwa wa jimbo, ilikuja kupimwa sentimita 77 kwa siku mbili, moja ya dhoruba kubwa kabisa katika kumbukumbu zao. Kwetu hakuna aliyepima. Upande wa upepo ulikuwa unaona nyasi, upande wa pili theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.

Mume wangu aliitwa barabarani saa tisa alasiri. Wakati wa dhoruba lori halisimami. Akimaliza njia ya mwisho, ya kwanza imeshafunikwa, anaanza upya. Akatubusu akaondoka. Tukabaki watatu: mzee wa miaka sabini na tisa, mimi, na mtoto aliyefurahi kupita kiasi kwa sababu shule imefungwa.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili na robo, tukiwa tumekamua nusu. Kwenye zizi la kisasa umeme ukikatika kila kitu kinanyamaza kwa pamoja: mashine za kukamulia, feni, pampu ya maji, tenki la kupozea maziwa. Halafu unasikia kilichokuwa chini ya kelele, ng'ombe thelathini na wanane wakipumua. Babu aliunganisha jenereta kwenye trekta bila hata kuwasha tochi, tukamalizia. Kabla ya kurudi nyumbani akachukua bunda la kamba ya katani, ile ya kufungia marobota ya nyasi, akafunga ncha moja kwenye komeo la banda, tukaenda tukiifungua nyuma yetu mpaka mlango wa jikoni. Siku hizi wengi wanatumia za plastiki. Yeye alikuwa amebaki na bunda moja la zamani.

Nikamwambia kwetu katani inalimwa, kwamba Tanga ilijengwa na katani, na miaka ya 1960 nchi yangu ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, nyingi ikiishia kuwa kamba kama hizi kwenye mashamba kama haya. Akaitazama ile kamba mkononi. "Kwa hiyo ilikutangulia," akasema.

Tulikula viazi na mayai kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mtoto alitaka hadithi, nikampa ya Wilson Bentley, maana alikuwa mtu wa jimbo lile. Alizaliwa mwaka 1865 kijiji cha Jericho, mtoto wa mkulima, na mama yake, aliyekuwa amewahi kufundisha shule, ndiye aliyempa darubini ya kutazamia vitu vidogo. Tarehe 15 Januari 1885 akafaulu kuipiga picha chembe moja ya theluji kupitia darubini iliyounganishwa na kamera. Aliendelea karibu miaka hamsini, akikusanya picha zaidi ya elfu tano, huku akikamua ng'ombe kama sisi. Alikuwa anazikinga chembe kwenye ubao mweusi, anazihamisha kwa kijiti, akizuia pumzi zisiyeyuke. Nyingi zilikuwa na pembe sita na hakuwahi kupata mbili zinazofanana. Kitabu chake kilitoka mwishoni mwa mwaka 1931, na Desemba ya mwaka huohuo akafa kwa nimonia, baada ya kutembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba.

"Kwa hiyo theluji ilimuua," mtoto akasema.

"Ilimuua," Babu akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Lakini ilimchukua muda mrefu."

Alipolala tulibaki na Babu kimya. Upepo ulikuwa unaliingiza jiko moshi. Nilimwona anasikiliza kitu kisichokuwa upepo. Nilijua ni nini, kwa sababu mume wangu aliwahi kunieleza. Februari 2007, katika dhoruba ya siku ya wapendanao, mapaa ya mabanda kadhaa ya ng'ombe jimboni yaliporomoka kwa uzito wa theluji na ng'ombe wakafa chini yake. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu inaweza kuwa na kilo mia. Ikilowa, zidisha mara tatu au zaidi. Na upepo hauigawi sawasawa. Unaifagia upande mmoja wa paa na kuirundika upande mwingine, kwa hiyo paa linalemewa begani.

Saa nne na nusu alivaa koti. Nikamwambia nije naye, akasema kaa na mtoto, nakwenda kuangalia tu, dakika kumi. Akashika kamba akaondoka. Nilimwona kwa hatua nne, halafu sikumwona.

Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini, ishirini na tano. Nikapanda juu, nikamwamsha mtoto, nikamwambia, mwanangu, Mama anakwenda bandani kwa Babu. Usitoke kitandani hata ukisikia nini. Nikaifunika kaa la jiko vizuri, nikavaa mabuti na koti la mume wangu, nikaishika kamba.

Hatua sitini. Sijui nieleze vipi. Taa ya kichwani ilikuwa haimuliki mbele, inamulika tu kile kinachopita, mistari meupe, kwa hiyo nikaizima. Uso ulikufa ganzi kwanza kwenye mashavu. Katikati ya njia kamba ilikuwa imezama, nikainama kuivuta, na nilipoinuka nikawa sijui nyumba iko wapi na banda liko wapi, najua tu kwamba mkononi nina kamba. Nilimfikiria mama yangu akipanda kutoka tambarare na mzigo wa majani unaomziba macho, akitazama miguu tu. Nikatazama miguu tu.

Babu alikuwa ndani, mzima. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya banda, taa pembeni, akitazama juu. Paa lilikuwa linalia. Si mlio mkubwa. Kama mtu mzima anayejigeuza kitandani. Ng'ombe walikuwa wamesimama wote, na ng'ombe usiku hulala.

Nikamwambia, "Babu, reki iko wapi?" Kuna reki ndefu ya bati, ina mpini wa kuungaunga, ya kuvutia theluji kutoka paani ukiwa umesimama chini.

Hakujibu. Kisha akasema, bila kuacha kutazama juu, "Likianguka, hakuna atakayelazimika kuamua."

Nilisimama na hilo neno. Alikuwa analisema kwa utulivu kabisa, kama anavyosema mwezi huu tutanunua pumba kidogo. Na nilimwelewa, hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kila siku tangu akiwa na miaka kumi na miwili anaambiwa mezani kwamba sasa basi. Kusema ndiyo hawezi, na kusema hapana hawezi, kwa sababu anaziona hesabu kama sisi tunavyoziona. Basi paa liamue. Na yeye awe wapi likianguka? Ndoo ilikuwa katikati kabisa.

Mkamwana wa Kichagga hamgombezi baba mkwe. Hilo halipo. Nilichofanya nilikwenda kwa ng'ombe wa mwisho wa safu ya kushoto, mtamba mweusi ambaye binti yetu alimpa jina la Kibo kwa sababu ya bakabaka jeupe kichwani, nikasema kwa sauti, nikimwambia ng'ombe, "Kibo, mwambie Babu mtoto yuko macho anamsubiri." Kwetu ukishindwa kumwambia mkubwa neno, unamwambia kuku, unamwambia mgomba, na mkubwa anasikia.

Nilisema kwa Kiingereza, ili asikie.

Muda ukapita. Kisha nikasikia ndoo ikisukumwa. "Reki," akasema, "iko nyuma ya tenki."

Tulivuta theluji mpaka saa nane usiku. Upande uliojaa ulikuwa wa mashariki, uliokingwa na upepo, kwa hiyo angalau tuliweza kusimama. Alinifundisha kuanzia ukingoni, vipande vidogo, usivute kubwa ikakufunika, na kuiacha pande zote mbili za paa zipungue kwa kufuatana, kwani ukipunguza upande mmoja peke yake unalipindisha. Kila baada ya dakika chache aliniambia nikasimame ndani. Nami nikitoka nilimwambia aingie yeye. Hatukuongea kingine. Mikono ilipoacha kushika, tuliipasha kwa kuiweka kati ya paja na kiwele cha ng'ombe, pale ambapo joto halikosekani. Mlio wa paa ulipungua, halafu nikagundua sijausikia kwa muda, halafu ng'ombe mmoja akalala, na mwingine.

Nyumbani mtoto alikuwa amelala juu ya ngazi, blanketi mabegani. Kitandani alikuwa ametoka, kama nilivyotegemea.

Asubuhi simu ilikuwa na chaji kidogo, nikampigia mama. Vermont ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Marangu saa saba mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko? Nasikia kuna theluji."

Nilimweleza kidogo, si yote. Akasikiliza, na swali lake la kwanza likawa lile ambalo ni la kwanza siku zote: "Ng'ombe wamekula?"

Nikamwambia wamekula. Kisha nikauliza wa kwake. Akasema hapo ndipo penye shida. Mvua za vuli hazikuwa za maana, masika yenyewe bado inavutavuta miguu, majani tambarare yamekwisha na wenye gari wanaleta kwa bei wanayotaka. Alikuwa anawakatia migomba. Na mlima? nikamuuliza. Mlima unaonekana wazi, akasema, lakini umebaki na viraka. Wanasayansi wanatuambia kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 Kibo ilipoteza kiasi cha asilimia 85 ya barafu yake. Mama anasema tu kwamba zamani ilikuwa inafika kwenye bega, akimaanisha bega la mlima, na anaonyesha kwa mkono ingawa yuko kwenye simu.

Babu alikuwa anamimina kahawa. Akauliza mama yangu anasemaje. Nikamwambia anauliza kama ng'ombe wamekula. Akaacha kumimina. Hao watu wawili hawajawahi kuonana, hawana lugha ya pamoja, mmoja ana ng'ombe wawili na mwingine thelathini na wanane. "Wake je?" akauliza. Nikamweleza habari za majani. Akatazama dirishani kule kwenye banda, ambako darini kulikuwa na marobota ya nyasi kavu mpaka mwezi wa sita, akasema neno moja la Kiingereza ambalo siliandiki hapa, la mtu anayeona kitu kingi mahali pasipohitajika.

Siku hiyo ya pili lori la maziwa halikuja. Lilikuwa lije jana yake na barabara ilikuwa bado imefungwa. Tenki lilijaa, na ng'ombe huwezi kumwambia asubiri, kiwele kitamuumiza. Kwa hiyo saa sita mchana tulifungua bomba, maziwa yakaenda kwenye mfereji wa samadi. Lita mia nane hivi. Mama yangu huuza lita mbili kwa jirani, na hela hiyo ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Yalikuwa yanatoka mazito, meupe, yakitoa mvuke, yakipita kwenye theluji yakiiyeyusha. Nilitazama mpaka mwisho. Babu hakutazama. Alikwenda kuhesabu marobota ambayo alishayahesabu.

Mume wangu alirudi alasiri, macho mekundu, saa ishirini na nne kamili tangu aondoke. Alisimama uani akalitazama paa kwa muda. Aliona alama za reki, zimefika pale mkono wa mzee na mkono wangu ulipofika, na juu pakiwa hapajaguswa. Hakuingia kula. Akachukua reki akaunga mpini wa mwisho, akamalizia sehemu ya juu. Babu alitoka akamshikia taa, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Sikusikia walichoongea, kama waliongea.

Neno la Babu la usiku ule sikumwambia mume wangu mpaka mwaka uliofuata, na nilimwomba Babu ruhusa kwanza. Ndiyo maana naweza kuliandika na hapa.

Tuliuza mwezi wa kumi mwaka 2018. Mezani aliyelitamka ni Babu mwenyewe: tuuze kabla ya theluji, wasisafirishwe kwenye barafu. Malori mawili yalikuja asubuhi. Aliwapandisha mmojammoja, akiwagusa nyongani ili wajue yupo. Kibo tulibaki naye, kwa ajili ya mtoto, tukasema, lakini sote tulijua ni kwa ajili ya nani.

Jioni ile mama alipiga. Nilikuwa sijamwambia kuwa ndiyo siku yenyewe. Binti yetu ndiye aliyepokea, akasalimia vizuri, shikamoo bibi, kisha akanyamaza, akaziba simu kwa kiganja.

"Bibi anauliza kama ng'ombe wamekula. Nimwambieje?"

Hakuna aliyejibu. Babu alikuwa anavua mabuti mlangoni. Kiswahili chake ni maneno kumi, lakini hayo mawili anayajua. Akauvuta mguu wa pili polepole.

"Mwambie mmoja amekula," akasema. "Wale wengine kesho asubuhi nitapiga simu niulize."

Na kweli alipiga.